Kifaransa cha Mzee Ambilikile

Kambi ya Wakimbizi, Kibondo
11 Februari 1996

Mwalimu Ambilikile, shikamoo.

Ni mimi Lusungu Mwandemele, yule nesi uliyekuwa ukimfundisha barazani kwako pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, mwezi wa kumi na moja, mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani. Nimefika salama. Safari ilikuwa siku tano, basi, treni, kisha lori.

Unajua hali ilivyokuwa. Wenye shamba wapya walipofunga zahanati yetu kule kwenye chai, nilikaa miezi minane naandamana na mama kuuza mitumba kwenye minada. Shirika hili limenipa mkataba wa majaribio, miezi sita. Kwenye usaili waliniuliza kama najua Kifaransa. Nikajibu, bila kupepesa macho, kwamba nakifahamu. Mwalimu, wewe ndiye unayejua nilichokuwa nacho: salamu, siku za juma na kuhesabu mpaka ishirini!

Daktari wetu ni Mbelgiji, ila Kiswahili anakijua. Wagonjwa ni Warundi, na mimi Kirundi sijui hata neno. Wengi tunaongea nao kwa mkalimani, ila wapo waliosoma, walimu na makarani, ambao wakimwona nesi wanamsemesha Kifaransa moja kwa moja. Juzi mama mmoja alinishika mkono akaniuliza jambo. Nilivyobabaika nikamjibu, "Lundi, mardi, mercredi." Akaja kweli Jumatatu, akaja Jumanne na Jumatano, akakaa mlangoni ananingoja. Niliona haya sana.

Naomba unifundishe kwa barua. Sihitaji mengi. Nataka maneno ya kumwambia mgonjwa kinachofuata: nitakuchoma sindano, utasikia maumivu kidogo, utapona. Miezi sita ikiisha bila Kifaransa nitarudi kwetu Lufingo mikono mitupu, na binti yangu Neema anaingia sekondari mwakani.

Mwanafunzi wako,
Lusungu


S.L.P. Tukuyu
3 Machi 1996

Mwanangu Lusungu, marahaba.

Barua imefika na imesomwa mara mbili, moja yangu na moja ya Atupokile, mke wangu, ambaye hajui kusoma lakini hakubali nifungue barua peke yangu. Anakusalimu. Alionana na mama yako sokoni, Neema ni mzima na amerefuka.

Unachotaka ni kitu chepesi. Wafaransa wana wakati ujao wa namna mbili. Kuna ule wa mbali, huo uache. Kuna ule wa karibu, wa jambo ambalo ni kama limeshashika njia linakuja. Huo ndio wa hospitali. Unachukua kitenzi cha kwenda, unakigeuza kufuatana na mtu, halafu nyuma yake unaweka kazi yenyewe. Kitenzi cha pili hukigusi. Kinakaa kama kilivyozaliwa.

Je ve, mimi naenda.
Tyu va, wewe unaenda.
Il va, yeye anaenda. Mwanamke ni el va.
Nu zalo, sisi.
Vu zale, nyinyi. Hili ndilo la heshima pia, mtu mzima usimwambie tyu.
Il vo, wao.

Basi "je ve pike", naenda kuchoma. Hata sisi tunasema hivyo hivyo, naenda kulala, naenda kula, wala hatuendi popote. "Vu zale geri", utapona. Hiyo iseme kwa sauti ya chini, umesimama upande wa kichwa, na mkono wako uwe umeshika chuma cha kitanda. Usiiseme ukiwa unatembea.

Fanya mazoezi hata ukifua nguo.

Mwalimu wako,
A. Mwasomola


Kibondo
30 Machi 1996

Mwalimu wangu, shikamoo.

Kwanza kicheko. Daktari aliliona daftari langu mezani akasoma ulichoandika. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nani kakufundisha kuandika hivi? Huyu ni mtu aliyesikia Kifaransa bila kukiona!" Nikamwambia mwalimu wangu alisomea chuo huko Kongo. Akaniandikia upya: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Lakini akasema matamshi yako hayana kasoro, ni ya Wabelgiji wa zamani. Ulisomea chuo gani, Mwalimu? Ameniuliza, nikamwambia nitakuuliza.

Pili, inafanya kazi! Asubuhi hadi jioni nasema hivyo tu. Je vais laver, naenda kusafisha kidonda. Vous allez dormir, utalala. Watu waliokuwa wananikazia mikono sasa wanailegeza. Mkalimani ananitania kwamba nitamnyang'anya kazi.

Tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Kuna mama anaitwa Générose, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Burundi. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Alileta mtoto wake Thierry, miaka mitano, malaria imempanda kichwani, degedege juu ya degedege. Siku tatu mtoto hakufumbua macho na siku tatu mama yake hakutoka kwenye lile hema, hata mgao wa chakula ulimpita. Jana jioni mtoto akafumbua. Leo asubuhi amekunywa uji nusu kikombe, akauliza kandambili yake iko wapi, maana aliona ni moja tu. Sisi wote tulicheka.

Mama yake akanitazama akauliza kama atapona. Nikasimama upande wa kichwa, nikashika chuma cha kitanda. Nikasema, "Il va guérir, Madame." Bila kosa hata moja, Mwalimu. Alinishika mikono yote miwili akailaza shavuni mwake.

Kesho kuna mgao tena. Nimemwambia aende akapange foleni, mimi nitakaa na mtoto. Gari la barua linaondoka sasa hivi.

Lusungu wako mwenye furaha


S.L.P. Tukuyu
21 Aprili 1996

Mwanangu Lusungu,

Ndaga fijo! Asante sana kwa barua hii. Nimemsomea Atupokile habari za kandambili, naye amesema mtoto akishadai mali yake huyo amepona, mpeni ugali. Amewahadithia wanawake wote wa jumuiya. Sasa Thierry anaombewa Tukuyu nzima.

Mshukuru daktari kwa maandishi. Nimeyanakili. Habari ya chuo iache kama ulivyomwambia.

Kwa kuwa umefaulu, nakupa zoezi kubwa zaidi. Mwandike huyo mtoto. Il va marcher, atatembea. Il va courir, atakimbia. Il va jouer, atacheza. Il va grandir, atakua. Il va aller à l'école, ataenda shule. Hapo usishtuke kuona kwenda mara mbili, ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya miguu. Ongeza tano zako, mpe mama yake asahihishe, maana ni mwalimu mwenzangu. Mwambie Mwasomola wa Tukuyu anamsalimu.

Mvua huku haikatiki. Ndizi zinaanguka na migomba yake.

Mwalimu wako,
A. Mwasomola


Kibondo
12 Mei 1996

Mzee Ambilikile, shikamoo.

Thierry alifariki tarehe 31 Machi, saa nne asubuhi, siku moja baada ya barua yangu. Zoezi lako limenikuta yeye ana mwezi mzima kaburini.

Sukari ilimshuka ghafla. Daktari anasema dawa ile ya malaria yenyewe wakati mwingine huleta hali hiyo, na kwa mtoto aliyedhoofika huwa haraka mno. Tulimpa glukosi. Tulichelewa. Nilikuwa nimeketi pale pale kama nilivyoahidi, nikadhani amesinzia.

Mama yake alikuwa kwenye foleni ya mgao kwa sababu mimi nilimwambia aende. Tulimtuma mtu akamwite, wakapishana njiani. Akaja na mfuko wa unga kichwani. Alituona tumesimama. Akautua ule mfuko polepole sana pale mlangoni, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Halafu akaja mpaka mbele yangu akasema, "Vous avez dit: il va." Ulisema, il va. Neno la pili hakulimalizia. Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga.

Tangu siku ile hajasema na mtu. Kibanda chake cha turubai kiko njiani nikienda zamu. Anakaa nje, ananitazama napita.

Nilimuuliza daktari kama hakuna namna nyingine ya kusema. Akashangaa. Alisema zipo nyingi, ipo ya kutumaini, ipo ya kusema labda, ipo ya kusema tutajitahidi. Kwa nini hukunipa hizo? Kwa nini ulinipa hii moja tu, tena ukanifundisha na mahali pa kusimama na kitu cha kushika, ili nisadikike vizuri? Mimi ni nesi wa miaka kumi na miwili. Kwa Kiswahili nisingemwahidi mzazi vile. Najua kusema "tumwombe Mungu." Kwa Kifaransa sikuwa na pa kujificha.

Nimeacha kukisema. Hata salamu namwita mkalimani. Mkataba unaisha Julai, basi uishe.

Nataka jibu la swali moja tu. Ulisomea wapi?

L. Mwandemele


Tukuyu
9 Juni 1996

Mwanangu Lusungu,

Barua hii ukishaisoma ichome. Ile yako sikumsomea Atupokile. Nilimwambia mtoto amehamishiwa kambi nyingine. Ni mara ya kwanza namdanganya juu ya barua, ingawa siyo mara ya kwanza namdanganya.

Sikusoma chuo chochote. Nilikwenda Katanga mwaka 1952 kutafuta kazi ya mgodi. Waliponipima kifua wakanikataa, nikapewa kazi ya kufagia wodi katika hospitali ya wafanyakazi. Miaka saba nilisukuma ufagio. Kifaransa changu nilikiokota chini ya vitanda. Masista walipomwinamia mgonjwa walisema nini? Walisema haya niliyokuandikia. Hizo namna nyingine sikukunyima, mwanangu. Sizijui. Za labda na za kutumaini labda walizisemea ofisini kwao, na ofisini kwao sikufagia mimi.

Huko nilikuwa na mke, mwanamke wa Kibemba, na tulikuwa na mtoto wa kike. Alikuwa na miaka minne surua ilipompata. Akalazwa katika wodi yangu mwenyewe. Sista mmoja alisimama upande wa kichwa, akashika chuma cha kitanda, akaniambia, "Elle va guérir, Ambilikile." Nikachukua ufagio wangu nikaenda wodi ya pili, maana ilikuwa zamu yangu. Niliporudi walikuwa wameshamfunika. Mama yake alirudi kwao wiki ile ile. Mimi nilirudi kwetu Rungwe mwaka uliofuata, nikawaambia watu nilikuwa karani. Kisha nikamwoa Atupokile. Hajui lolote. Watoto hawajui.

Watu walinisikia nikitamka maneno mawili matatu wakaniita Mwalimu, nami nikaitika. Miaka hii kila mtu anapofungua chochote, duka, shule, kinyozi, vijana wakaniambia "Mzee, Kifaransa kina soko," nikatundika kibao.

Utaniuliza kwa nini nilikufundisha maneno yaliyoniumiza. Nimelifikiria swali hilo siku nne, nikiwa shambani Kawetele. Nadhani ni kwa kuwa sina Kifaransa kingine. Na labda nilitaka kusikia kwamba kuna mahali yamekuwa kweli. Barua yako ya kandambili niliibeba mfukoni wiki tatu.

Kuna jambo jingine ninalolikumbuka, sijui kama litakufaa. Yule sista alinikuta kwenye chumba cha mafagio siku ile. Hakuniomba radhi. Alisema, "Je vais rester ici un peu." Nitakaa hapa kidogo. Akapindua ndoo akaiketia mpaka kengele ya chakula ikalia. Nimewaza kwamba katika yote waliyosema mle ndani, yale ya "je" niliyaona yakitimia, kwa sababu mwenye kuyatimiza ni yeye aliyeyasema. Ya "elle va" hayakuwa mikononi mwake. Hata mikononi mwangu hayakuwamo.

Usiniite Mwalimu tena. Nisamehe.

Ambilikile


Kibondo
14 Julai 1996

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza. Niliisoma mara nne kwanza.

Nilikaa nayo wiki nzima. Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Générose. Alikuwa amekaa nje ya kibanda kama kawaida, anachagua maharage kwenye sahani. Njiani nilikuwa nimepanga sentensi yangu, lakini nilipofika mbele yake ikanivurugika. Nikasema, "Je vais asseoir ici." Naenda kuketi hapa.

Hakuinua kichwa. Nikasimama. Nilihesabu maharage matano, sita, akiyatupa pembeni. Nikaona basi, niondoke.

Ndipo akasema, "M'asseoir."

Sikuelewa. Akaweka sahani chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa jicho lile la mwalimu wa darasa la tatu. "Je vais m'asseoir." Akajigusa kifuani kunionyesha. Kumbe Wafaransa hawaketi tu, mtu hujiketisha mwenyewe, lazima ujitaje mara mbili. Nikarudia, nikakosea. "Encore," akasema. Tena. Nikarudia mpaka ikanyooka. Akanisogezea kipande cha gogo.

Nikakaa, Baba. Tukachagua maharage mpaka yakaisha. Nilipoinuka nikamwambia nitakuja Jumapili ijayo, naye akanisahihisha na hilo.

Nimekwenda Jumapili nne sasa. Jumapili ya pili aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu ni mzee wa kwetu aliyejifunzia hospitalini. Akasema inasikika, kwamba nasema kama mtu anayeongea na wagonjwa tu. Sasa ananifundisha wakati uliopita. Mifano yote anayonipa ni ya Thierry. Alikuwa anapenda mananasi. Alikuwa anaogopa bata. Siku moja alilia kwa sababu kivuli chake hakikumsubiri. Ananifanya niandike, anasahihisha kwa kijiti cha mkaa, na wakati mwingine anainuka anaingia ndani, nami nangoja mpaka atoke.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijaomba. Nilimwambia ukweli tu: kwamba nilimwahidi jambo lisilokuwa langu. Alitikisa kichwa kukubali.

Daktari ameniongezea mkataba mwaka mmoja. Alisema Kifaransa changu kimebadilika, kimekuwa cha polepole. Nimekubali kubaki. Mwambie mama yangu, nitamwandikia pia.

Baba, naomba uniwie radhi kwa nitakalosema, wewe ni mkubwa wangu. Mimi kosa langu nalibeba na Générose, kila Jumapili, kila mtu ameshika upande wake. Wewe lako miaka yote hii unalibeba na nani?

Binti yako,
Lusungu


Tukuyu
11 Agosti 1996

Binti yangu Lusungu,

Marahaba. Kibao nimekishusha. Wanafunzi wawili waliobaki nimewaambia kwamba nilikuwa mfagiaji. Walitazamana, kisha mmoja akasema basi wataendelea na salamu, maana wameshazilipia.

Swali lako lilinikera siku mbili. Siku ya tatu, ilikuwa jana, nikaingia jikoni mchana, Atupokile anamenya ndizi. Nikavuta kigoda. Nikaanzia kwenye kifua nilipokataliwa mgodini, nikaja kwenye ufagio, nikaja kwa yule mwanamke na mtoto, mpaka chumba cha mafagio. Nikamwambia pia kwamba Thierry alikufa, hakuhamishwa. Kisu chake hakikusimama hata mara moja. Nilipomaliza sufuria ilikuwa imejaa, naye akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za yule mwanamke. Hakuuliza. Alisema, "Mtoto aliitwa nani?"

Nikamwambia, "Tulinagwe."

Kisu kikasimama. "Jina la mama yako."

"Ndiyo."

"Na Debora alipozaliwa, nikasema tumpe jina la bibi yake, ukakataa. Ukatoka nje. Mimi miaka thelathini na miwili najua ulikasirika kwa sababu nimekuzalia msichana."

Nilimtazama mke wangu nikaona kitu alichokuwa amekibeba muda wote huo, na mimi ndiye niliyemtwika, na sikuwahi kukiona. Nilitaka kumshika mkono lakini ulikuwa umejaa utomvu. Akaufuta kwa majivu taratibu, kidole kwa kidole, akabandika sufuria.

Tukala mezani, mimi na yeye tu. Unajua mama yako huyu huomba kabla ya chakula akiwataja watoto wote kwa majina, mkubwa mpaka mdogo, hata chakula kipoe. Tangu tuoane huanza na Debora.

Jana alianza na Tulinagwe.

Ambilikile